Wafanyakazi Hawaijui Dira ya Kampuni: Tafuta Hitilafu Kabla ya Kuchapisha Bango Jingine

Malalamiko huwa yale yale, iwe ofisi ya Nairobi iko Upper Hill, Westlands au Mombasa Road. Dira, yaani sentensi inayosema kampuni inataka kufika wapi miaka ijayo, iliandikwa, ikazinduliwa kwa chai na keki, ikabandikwa mapokezi na ndani ya lifti. Miezi 6 baadaye hakuna anayeitumia kuamua jambo lolote. Afisa mkuu mtendaji huona kwamba mawasiliano ndiyo yaliyolegea, akaagiza mabango, tisheti na kikao kingine cha siku 2 Naivasha.

Mara nyingi mawasiliano hayana kosa. Hitilafu iko juu zaidi: kuna uamuzi ambao mkuu hajaufanya, na sentensi ikaandikwa kwa maneno mapana ili pengo lisionekane. Bango haliwezi kutangaza uamuzi ambao haupo. Ndiyo maana tunaanzia juu na kushuka: kwanza sentensi yenyewe, kisha watu wanaoibeba, kisha mishahara, vipimo na bajeti. Ukianzia chini utabadilisha mengi na kidonda kibaki.

Mfano tutakaoufuata ni wa kubuni: kampuni ya vipuri vya matatu yenye wafanyakazi 140 na bohari Industrial Area. Wateja wake ni gereji za Kirinyaga Road, Dandora na Rongai.

Neno moja kuhusu maneno. Serikali ilipozindua mpango wake wa 2030, Kiswahili chake kilikuwa Ruwaza. Makampuni mengi husema dira, mengine maono. Maono si kosa, ila Nairobi neno hilo hukaa zaidi mdomoni mwa mhubiri, na fundi akilisikia kazini hungoja sadaka. Tumia dira, na ukumbuke kwamba dira ya nahodha huonyesha upande wa kuelekea tu. Umbali haionyeshi, na kasoro hiyo tutaikuta huko mbele.

Kipimo cha kwanza: watu 12, maswali 3, asubuhi moja

Usitume fomu ya mtandaoni. Watu watafungua tovuti ya kampuni na kunakili. Chagua wakuu wa idara 3, wasimamizi wa kati 3, na watu 6 wa mstari wa mbele: karani wa stoo, dereva, wa mapokezi, muuzaji, mhasibu wa chini na mlinzi wa lango. Mlinzi usimwache eti kwa sababu ameajiriwa na kampuni nyingine. Mteja anayefika langoni hukutana naye kabla ya kukutana na yeyote.

Kila mmoja aulizwe peke yake, dakika 10, na mtu asiyemsimamia. Asiwe ofisa wa rasilimali watu ikiwa ndiye anayeandika barua za onyo. Maswali ni haya:

1. Miaka 5 ijayo, kampuni hii itakuwa inamfanyia nani jambo gani ambalo leo haimfanyii?
2. Taja kitu kimoja ulichokataa au kuacha kufanya katika miezi 3 iliyopita kwa sababu ya dira hiyo.
3. Wateja 2 wanakungoja na una muda wa mmoja. Utamshughulikia yupi?

Majibu yaandikwe yalivyotamkwa, hata kama ni Sheng. Usiulize kamwe "Je, unaijua dira yetu?" Wote watasema ndiyo.

Sasa soma karatasi. Kama wakuu wa idara wenyewe wanapingana, nenda dalili ya kwanza na usiendelee mbele hadi uitibu. Kama wote wanakariri maneno yale yale lakini swali la 2 limebaki tupu, nenda ya pili. Wakuu wakiafikiana na wa chini hawana habari, ni ya tatu. Na kama wote wanajua vizuri, wakajibu swali la 3 kinyume cha dira huku wakicheka, ni ya nne, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote.

Dalili ya kwanza: kila mkuu wa idara ana dira yake

Wa mauzo anasema tutakuwa wakubwa kuliko wote. Wa fedha anasema tutaongeza faida. Wa uendeshaji anataja ubora. Ukiisoma sentensi rasmi utawakuta wote 3 ndani yake, kila mmoja na neno lake: "kuwa kampuni inayoongoza, yenye faida na inayotoa huduma bora na za kibunifu katika kanda hii." Manahodha wengi, chombo kimeenda mrama. Sentensi hiyo iliandikwa na kamati, na kamati huongeza neno ili kumridhisha mtu, haifuti neno kwa kuogopa kumuudhi.

Kuna njia 2 za kuthibitisha. Ya kwanza ni kuigeuza sentensi. Andika kinyume chake na uulize kama kuna kampuni yenye akili timamu ingeweza kuchagua hivyo. "Tutatoa huduma duni" hakuna atakayelichagua, basi "huduma bora" si uamuzi. "Tutauza kwa mwenye gari binafsi dukani" ni kitu ambacho mshindani wako anakifanya leo na anaishi nacho, kwa hiyo ukisema "tutahudumia gereji peke yake" umechagua.

Njia ya pili ni kuchukua fursa 3 za mwisho zilizoletwa mezani, kwa mfano zabuni, tawi jipya na bidhaa mpya. Wape wakuu wa idara dira hiyo, kila mmoja aandike kwa siri fursa ipi angekataa. Kama majibu hayafanani, dira haichagui.

Tiba haianzii na kikao. Afisa mkuu mtendaji aandike mwenyewe, peke yake, ukurasa 1. Ukurasa uwe na mambo 5: mteja ni nani hasa, tutamfanyia nini kinachopimika, wapi, kufikia mwaka gani na kwa kiasi gani, na orodha ya vitu visivyopungua 3 ambavyo hatutafanya hata tukipewa pesa. Juu ya ukurasa iwekwe sentensi 1 isiyozidi maneno 25. Kwa kampuni yetu ya vipuri inaweza kuwa hivi: "Kufikia 2031, kipuri kilichoagizwa na gereji ya Nairobi kabla ya saa nne asubuhi kitafika mkononi mwa fundi kabla ya saa kumi jioni." Haina "bora", haina "kuongoza", na karani wa stoo anaielewa bila semina.

Rasimu ikishakuwepo ndipo wakuu wa idara waitwe, na kazi yao iwe kuivunja: kila mmoja alete sababu 1 ya kwamba haiwezekani na kitu 1 ambacho idara yake italazimika kuacha. Ruhusu siku 10 za kubishana. Maneno yanaweza kufutwa, hayaongezwi. Mkuu wa idara asiye na cha kuacha hajaielewa rasimu, au rasimu haimgusi. Tafuta ni lipi kati ya hayo mawili.

Rasimu ikikataa kukaa sawa, ipeleke kwa mteja kabla ya kurudi kwa mshauri. M-Pesa ni mfano ulio karibu. Majaribio yake ya 2005 yalilenga wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo walipe madeni yao kwa simu. Watu wakaitumia kutumiana pesa. Ilipozinduliwa Machi 2007 ujumbe ulikuwa umebaki mmoja: tuma pesa nyumbani. Mambo mengine yaliyowezekana kiufundi yaliwekwa kando kwanza. Ufupi ule ulitokana na kuona ni kipi watu walikuwa wakikifanya na kipi hawakukijali. Mwandishi wa matangazo peke yake asingeufikia.

Onyo kwa mashirika ya serikali: huko afisa mkuu mtendaji hana ruhusa ya kubadilisha dira kwa kalamu yake. Chini ya Mwongozo, ule mfumo wa usimamizi wa mashirika ya umma wa 2015, dira na dhamira ni mambo ya kuamuliwa na bodi. Mkuu huandaa rasimu, bodi huiamua. Ukizindua kabla ya azimio la bodi, mjumbe mmoja tu aliyekasirika anatosha kuifanya dira yako karatasi ya kufungia maandazi.

Dalili ya pili: wanaikariri kama shairi, hawaitumii

Hapa sentensi ni moja na wote wanaijua, ila hakuna aliyewahi kukataa kitu kwa sababu yake. Sababu ni ile kasoro ya dira ya nahodha. Upande upo, umbali haupo. Hakuna tarakimu, hakuna mwaka, au mwaka uko mbali mno kiasi kwamba hauna mwenyewe.

Ukitaka kuona jinsi ya kuukata mwaka wa mbali, angalia Ruwaza ya 2030. Ilizinduliwa Juni 2008, yaani miaka 22 kabla ya tarehe yake, kisha ikakatwa katika mipango ya miaka mitano mitano: 2008 hadi 2012, 2013 hadi 2017, 2018 hadi 2022, na 2023 hadi 2027. Unaweza kubishana na matokeo, lakini mkato wenyewe ni wa busara. Kampuni ya binafsi haihitaji miaka 22. Miaka 5 hadi 7 inatosha, kisha mwaka 1, kisha siku 90.

Kwa kampuni yetu: pima kwanza leo tuko wapi. Chukua oda 100 zilizoingia kabla ya saa nne, hesabu zilizofika kabla ya saa kumi siku hiyo hiyo. Tuseme ni 58. Mwaka wa kwanza lengo ni 70, mwaka wa tatu 85, mwaka wa tano 95. Usiandike 100, kwa sababu mvua ya Aprili na barabara za Industrial Area zitakufanya mwongo kila mwaka. Katika siku 90 za kwanza chagua kikwazo kimoja tu, kwa mfano vipuri 40 vinavyokosekana mara kwa mara stoo, uvimalize.

Na ile orodha ya "hatufanyi" isikae kwenye droo ya mkuu. Iandikwe chini ya sentensi kila mahali sentensi inapoonekana: hatuuzi matairi, hatuuzi rejareja kwa mwenye gari, hatufungui tawi Mombasa kabla ya kufikia 85. Muuzaji anayefuatwa na mteja wa matairi hapo anajua la kujibu bila kupiga simu ofisini.

Dalili ya tatu: habari imeishia ghorofa ya juu

Mtu wa kulaumiwa kwanza huwa msimamizi wa kati, na mara nyingi anaonewa. Alisikia dira siku ile ile na watu wake, katika mkutano ule ule wa watu 140. Walipotoka, vijana wakamuuliza, "Sasa zamu ya usiku inabadilika?" Hakuwa na jibu, kwa hiyo akasema mambo ya wakubwa hayo. Hapo imekufa.

Panga kwa siku 10 za kazi. Siku ya 1, mkuu na wakuu wa idara, dakika 90, bila slaidi, ukurasa mmoja mezani. Siku ya 2 hadi ya 4, kila mkuu wa idara na wasimamizi wake. Hapa kila msimamizi aandike mistari 3 ya kikosi chake: tutakachoanza, tutakachoacha, tutakachoendelea nacho. Mistari hiyo irudi kwa mkuu wa idara kabla ya kusomwa kwa mtu mwingine, maana hapo ndipo utaona kama wameelewa. Siku ya 5 hadi ya 9, msimamizi na watu wake 8 hadi 12, dakika 20 mwanzoni mwa zamu, wakiwa wamesimama. Siku ya 10, maswali yote yaliyoandikwa yajibiwe kwa maandishi, yakiwemo yale ambayo jibu lake ni "hatujaamua, tutaamua kufikia tarehe fulani."

Zamu ya usiku husahaulika. Afisa mkuu mtendaji afike mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi zamu zinapopokezana, mara moja katika siku hizo 10. Madereva na waendesha boda hawaji vikaoni. Watumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp usiozidi dakika 2, kwa sauti ya msimamizi wao wanayemjua.

Kisha lugha. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini dira za kampuni nyingi za Nairobi hazijasikia. Usiandike kwa Kiingereza kisha ukatafsiri. Tafsiri hutoka na "uwezeshaji wa suluhu jumuishi," na hakuna karani atakayeuliza maana yake kwa kuona haya. Andika matoleo yote mawili mezani pamoja. Wazo lisilokubali kusemwa kwa Kiswahili cha kawaida kwa kawaida ni tupu hata kwa Kiingereza. Hicho ni kipimo cha bure.

Dalili ya nne: wanaijua, wanaipenda, wanafanya kinyume

Watu hufuata kinachowalipa na kinachowaepushia barua ya onyo. Kama dira inasema kitu kimoja na karatasi ya mshahara inasema kingine, karatasi ya mshahara hushinda, na si kwa sababu watu ni wakaidi.

Angalia bohari yetu. Dira inasema siku hiyo hiyo. Karani wa stoo anapimwa kwa thamani ya mali iliyolala: ikizidi kiwango, anaitwa kujieleza. Kwa hiyo haweki vipuri vinavyotoka polepole, ambavyo ndivyo fundi wa Dandora anavihitaji kwa haraka gari likiwa limekwama juu ya mawe. Dereva anapimwa kwa lita za mafuta, basi anangoja gari lijae na kuondoka saa saba mchana. Muuzaji analipwa kamisheni kwa jumla ya mauzo, basi anakubali oda kubwa ya Nakuru inayochukua gari siku nzima. Kila mmoja wao amefanya kazi yake vizuri. Oda 42 kati ya 100 zimechelewa.

Fanya ukaguzi huu, utachukua siku 2:

Chora jedwali. Upande wa kushoto andika kila kazi inayogusa ahadi ya dira. Katikati andika kinachomfanya mwenye kazi hiyo alipwe ziada au aonywe. Upande wa kulia andika kama kinasukuma kuelekea dira au mbali nayo. Usichukue vipimo kutoka kwenye fomu za tathmini, muulize mtu, "Mara ya mwisho bosi wako kukasirika ilikuwa kwa nini?" Hilo ndilo lengo lake halisi.

Badilisha kwanza vile visivyohitaji pesa. Karani apimwe kwa oda zilizokosa kipuri kati ya 100, na apewe ruhusa ya maandishi kuweka vile vipuri 40 hata vikilala. Dereva aondoke saa tano kamili, gari lijae lisijae. Kilichoagizwa kwa wakati lakini kikakosa gari hilo kipelekwe na boda kama hakizidi kilo 20. Kamisheni ya muuzaji iguswe mwisho na kwa uangalifu: tangaza mwezi 1 kabla, linganisha kamisheni yake ya zamani na mpya kwa oda zake za robo iliyopita, na umwonyeshe hesabu. Ukiibadilisha ghafla utapoteza wauzaji wako 2 wazuri kwa mshindani wa barabara ya pili. Na mkataba wa kazi haubadilishwi upande mmoja tu; kama kamisheni imeandikwa humo, mfanyakazi ashauriwe na akubali.

Sasa angalia bajeti. Panga miradi 10 iliyopata pesa nyingi mwaka huu. Kama ile inayohusu dira moja kwa moja haimo katika 3 za kwanza, wafanyakazi wameshaona, kwa sababu mhasibu hula chakula cha mchana na wenzake.

Mwisho wa ukaguzi ni shajara ya afisa mkuu mtendaji mwenyewe. Chukua wiki 4 zilizopita, hesabu saa alizotumia kwenye ahadi ya dira: kutembelea gereji, kukaa stoo, kusoma takwimu ya oda zilizochelewa. Sisi hutumia kiwango cha saa 5 kwa wiki. Chini ya saa 2, hakuna hotuba itakayofidia. Aanze mkutano wa Jumatatu kwa ile takwimu moja kabla ya mauzo, kila wiki bila kukosa. Na angalau mara moja kwa robo akatae fursa yenye pesa hadharani, akieleza kwamba inapingana na dira na ni shilingi ngapi zimeachwa. Habari hiyo itafika Rongai kabla yake.

Kuna hali moja ambayo ukaguzi huu hautaitibu: mtu mwenye cheo kikubwa anayeipinga dira waziwazi na bado anapandishwa ngazi kwa sababu huleta pesa. Hapo afisa mkuu mtendaji ana kazi ya kufanya yeye peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Dalili ya tano: dira mpya kila Januari

Mara nyingi chanzo ni kuchanganya dira na mpango. Mpango hubadilika kila mwaka, na ni sawa. Wakati mwingine afisa mkuu mtendaji ni mgeni na anataka alama yake. Mgeni asiguse sentensi kwa siku 100 za kwanza. Afanye kile kipimo cha watu 12, ndipo aamue.

Lakini dira isiyobadilika hata mazingira yakigeuka nayo ni hatari. Kenya Airways ilikuwa na mpango wa miaka 10 ulioitwa Mawingu, wa kupanua safari na kuongeza ndege. Kisha utalii ukashuka baada ya mashambulizi ya kigaidi, Ebola ikavuruga safari za Afrika Magharibi 2014, na gharama za ndege mpya zikawa zimeshafungwa. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 ulileta hasara ya shilingi bilioni 25.7. Hakuna sentensi ya dira ambayo ingezuia Ebola. Unachoweza kufanya ni kuandika mapema, kwenye ukurasa ule ule, masharti 2 au 3 yatakayoilazimu bodi kuifungua upya: kwa mfano, gereji tunazohudumia zikipungua kwa robo ndani ya mwaka mmoja, au matatu za umeme zikizidi kiwango fulani cha magari mapya yanayoingia barabarani. Nje ya masharti hayo, sentensi isiguswe.

Vidogo vidogo

Dira kwenye tovuti na ya ukutani zinatofautiana: futa zote mbili, andika upya kutoka ukurasa wa mkuu. Nembo imebadilishwa pamoja na dira: watu watazungumzia nembo peke yake, kwa hiyo zitenganishe kwa miezi 3. Wakala wa matangazo ameandika sentensi: mlipe kwa kauli mbiu, mnyime dira.

Kupima kama imepona

Baada ya siku 90 rudia maswali yale 3 kwa watu 12 wengine, si wale wa kwanza, maana hao wameshajiandaa. Kubali kwamba imeshika kama 9 kati ya 12 wanajibu swali la 1 kwa maana moja, hata kwa maneno tofauti, na 6 wana kitu halisi cha kujibu swali la 2. Kama swali la 1 limejibiwa vizuri lakini wenye jibu halisi la swali la 2 hawafiki 3, usirudi kwenye mawasiliano. Rudi kwenye jedwali la dalili ya nne, anza na mstari wa karani wa stoo, na uzuie fedha za mabango hadi mistari yote ya upande wa kulia iwe imegeuka.